Hadina ya epoksi kwa mashua: ya kununua Lamu na ya kuiacha dukani

Malalamiko ninayopata sana ni ya vanishi kubanduka juu ya epoksi mpya, na kila mtu analaumu vanishi. Mkosaji ni hadina, yaani kigandishi kinachochanganywa na rezini ili epoksi igande. Hadina nyingi za epoksi ni za jamii ya kemikali ziitwazo amini, na amini ambayo haijaganda hushikana na unyevu na kaboni dayoksaidi ya hewani, ikaacha utando unaoteleza kidoleni kama nta. Kwa hewa yetu ya Lamu, ukipaka jioni umande ukakukuta, utando huo haukosi. Msasa peke yake hauutoi, huusambaza tu. Osha kwanza kwa maji baridi na kisugulio cha sufuria, futa kwa kitambaa kikavu kabla maji hayajakauka, ndipo upige msasa namba 80.

Kwa hiyo ya kwanza kwangu ni hadina namba 207 ya West System, chapa ya epoksi za mashua, na sifichi kwamba naipendelea: imetengenezwa mahsusi isitoe utando. Kipimo ni rezini tatu kwa hadina moja, kwa ujazo. Pampu za hadina 205 na 206 za chapa hiyo ni za tano kwa moja, usizitumie hapa. Bado inataka vanishi ya kuzuia jua juu yake.

Ya pili ni 209 ya chapa hiyo hiyo, nayo tatu kwa moja, kwa kuunga mbao ndefu. Kwenye nyuzi 22 inakupa dakika 40 hadi 50 kikombeni. Joto la kaskazi hupunguza muda huo sana, basi mimina kwenye sinia pana ili isijipashe moto yenyewe.

Ya tatu ni hadina ya aina ya poliamidi, mara nyingi rezini moja kwa hadina moja. Husamehe kipimo kilichokosewa kidogo, ila inachelewa kukauka. TETA, hadina ya amini ya bei rahisi, ni kali kwa ngozi na ina utando mwingi, iache.

Linaloniudhi ni hadina kupimwa kwenye chupa za soda, bila namba wala kipimo, na bei ni ile ile ya kopo lililofungwa. Chupa ikifunguliwa kila siku, hadina inanyonya unyevu kabla hujainunua. Wengine humuuzia fundi hadina ya faiba, ile inayopimwa kwa matone, wakimwambia ni mamoja. Si mamoja: hiyo ni ya rezini ya poliesta, na epoksi haigandi nayo hata uongeze vipi. Kuzidisha hadina sahihi nako hakuharakishi, inabaki laini na kunata. Daini kopo lenye namba yake, na mkatalieni anayemimina.