Uchambuzi: gari la mvuke la Cugnot, tatizo lilikuwa boila sio wazo

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo tunachambua gari ambalo halijawahi kuuzwa dukani hata siku moja, Fardier (yani mkokoteni wa mizigo mizito) ya Nicolas-Joseph Cugnot, mashine ya mvuke ya mwaka 1770, na naomba mnisikilize vizuri kwasababu huyu mzee amechekwa sana kwa miaka mingi na mimi inaniuma kweli, maana wanaomcheka wengi hawajaitazama kazi yenyewe.

Tuanze na mwenyewe. Cugnot ni Mfaransa, kazaliwa 1725 huko Void, Lorraine, injinia wa kijeshi, akapiga kazi upande wa Austria halafu miaka ya 1760 akarudi Paris akawa anaandika mambo ya ngome na vita. Sasa kipindi hicho mizinga inavutwa na farasi, na farasi anakula, anachoka, anapigwa risasi anakufa na mzinga unabaki palepale porini. Cugnot akasema mvuke uvute. Waziri wa vita Choiseul akakubali serikali igharamie, Gribeauval ambaye ndio alikuwa mtaalamu mkubwa wa mizinga Ufaransa nae akaunga mkono, 1769 wakajaribu gari dogo, 1770 likaja kubwa, lile lililotengenezwa pale Arsenal ya Paris, yani karakana na ghala la silaha, na ndio hili mnaloliona hapa kwenye skrini.

Liangalieni. Fremu ni mbao nzito, magurudumu matatu, mawili makubwa nyuma na moja mbele, uzito kama tani 2 na nusu likiwa tupu na lilikusudiwa kubeba tani 4. Boila ya shaba, yani chungu cha kuchemshia maji yawe mvuke, imening'inia mbele kabisa, yani imepita hata gurudumu. Mimi disaini hii siipendi, lazima niseme, kwasababu ukiondoa mzinga nyuma uzito wote unalalia pua na unaposhika usukani unageuza gurudumu pamoja na injini pamoja na boila yenyewe, vyote vinageuka kwa pamoja! Dereva anazungusha mpini mara nyingi ndio pua isogee kidogo. Hapo kwenye usukani Cugnot hapati maksi kwangu.

Lakini sasa njooni kwenye injini, na hapa nitakaa kidogo maana ndio roho ya gari. Injini za mvuke za wakati ule, zile za kuvuta maji migodini, zilikuwa madude ya kujaza nyumba nzima, mvuke unaingia, unapozwa, halafu hewa ya nje ndio inasukuma pistoni. Cugnot hakufuata njia hiyo. Yeye kaweka silinda mbili zimesimama wima juu ya gurudumu la mbele na mvuke wenyewe kwa presha yake ndio unasukuma pistoni, hakuna kupoza, hakuna tenki la maji ya baridi, ndio maana injini ikawa ndogo kiasi cha kukaa juu ya gari. Pistoni hii ikishuka ile inapanda, zinapokezana. Halafu ule mwendo wa juu na chini inabidi ugeuke kuwa wa kuzunguka, hapo kaweka gurudumu la meno lenye vikwamisho pembeni, ni kama ile tik tik tik ya tairi ya nyuma ya baiskeli ukiacha kupiga pedeli, upande mmoja inashika upande mwingine inateleza, kwahiyo kila pistoni ikisukuma gurudumu linasogea kipande, inakuja ya pili inamalizia. Huyu mtu hakuwa na gari lolote la kuangalizia, jamani.

Haya, barabarani. Spidi kama kilomita 4 kwa saa, mtu akitembea kawaida anakuacha. Na kila baada ya robo saa hivi linasimama, mvuke umekwisha, mnasubiri boila ijikusanye presha tena ndio muendelee. Hiyo ndio kasoro kubwa ya kiufundi ya gari hili. Boila haikuweza kuzalisha mvuke kwa kasi ambayo silinda zinaula. Mkisikia watu wanasema wazo la Cugnot lilikuwa la kijinga waambieni hapana, wazo lilikuwa sawa kabisa, boila ndio ilikuwa nyuma.

Mnasubiri ile stori ya ukuta najua. Eti 1771 likamshinda dereva likaangusha ukuta wa Arsenal, ajali ya kwanza ya gari duniani. Stori hiyo inaonekana kwenye maandishi kwa mara ya kwanza kama miaka 30 baadae, na gari lenyewe hili hapa zima. Mimi siijengei hukumu kitu kama hicho.

Kilichommaliza Cugnot ni siasa. Desemba 1770 mfalme Louis wa 15 akamfukuza Choiseul, mfadhili kaondoka, majaribio yakafa. 1772 mfalme akampa pensheni ya livre 600 (pesa ya Ufaransa ya zamani) kwa mwaka, yakaja Mapinduzi ya 1789 pensheni ikakatwa, mzee akaenda kuishi Brussels kwenye umaskini mkali. Napoleon ndio akamrudisha Paris na kumrudishia pensheni, na Oktoba 1804 akafariki, miaka 79. Mtu aliyefanya gari lijiendeshe lenyewe amekula shida uzeeni hivyo!

Na ushahidi kwamba boila ndio ilikuwa tatizo ni huu: Mfaransa mwingine, Léon Serpollet, akaja na boila ambayo maji yanapita kwenye mirija ya moto na kugeuka mvuke papo hapo, na Aprili 1902 pale Nice gari lake la mvuke likapiga kilomita 120 kwa saa. 1906 Marekani, gari la mvuke la akina Stanley likapita 200. Mvuke uleule, boila nyingine.

Hukumu yangu: usukani mbovu, boila mbovu, injini namba moja. Lipo Paris, makumbusho ya Arts et Métiers, mnashuka metro stesheni yenye jina hilohilo, laini ya 3 au ya 11. Mkifika msiishie kupiga selfi na boila, inameni pembeni ya gurudumu la mbele muyaone yale meno. Na kama mnataka kuliona linatembea, 2010 wanafunzi wa uinjinia walitengeneza jingine kama lile, linawaka na linaenda, liko kulekule Void alikozaliwa mzee.