DaVinci Resolve na vifremu vyake: picha 43 za jubilei zilivyotembea

Mwezi jana watoto wa mzee mmoja mstaafu wa reli hapa Tanga waliniletea bahasha. Wazazi wao wanatimiza miaka 50 ya ndoa, wanataka video ya kuonyeshwa ukumbini, na video yenyewe hawana hata sekunde moja. Wana picha 43 tu, baadhi zimeliwa na mende pembeni.

Kazi kama hiyo bila vifremu haiendi. (Ndiyo, keyframe ya Kiingereza: kifremu, vifremu. Tulishakubali kipilefti na vipilefti, na hiki tutakizoea.) Ni alama tu: hapa picha ikae hivi, pale ikae vile, njia ya katikati programu itaijaza yenyewe. Zamani nilikuwa nafanya kwenye simu, kidole kinene, alama ndogo. Safari hii nikafungua DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, toleo la bure, kwenye laptopu yangu.

Unachagua picha, unaenda kwenye paneli ya Inspekta upande wa kulia, na kando ya Zoom (ukubwa wa picha) unakuta alama ya uru kama ya kwenye karata. Ibonyeze, inageuka nyekundu: kifremu kimekaa. Sogea mbele, badilisha namba, cha pili kinajiweka chenyewe. Hapo ndipo nilipojiumiza. Ukishaweka kimoja, kila unapogusa namba mahali pengine kinazaliwa kingine. Nilimpoteza bibi harusi mara tatu, anaelea kuelekea dari, kumbe nimeacha kifremu cha Position (mahali picha inapokaa) katikati bila kujua. Siku hizi nabonyeza vishale vilivyo kando ya uru, navihesabu kimoja kimoja kabla ya kulaumu mashine.

Picha iliyonitoa jasho ni ya kundi, watu kama thelathini mbele ya kanisa. Nilitaka tuanze na wote, tuishie kwa maharusi. Kila picha nimeipa sekunde tano, yaani fremu 125 kwa mwendo wa fremu 25 kwa sekunde. Zoom kutoka 1.00 hadi 1.80, Position ikifuatana nayo. Ikaenda, lakini ilianza na kusimama kama daladala iliyoona abiria ghafla. Dawa ipo, ila imefichwa: bonyeza kialama kidogo kwenye kona ya klipu, vifremu vinajipanga chini yake, kisha bofya kulia juu ya kifremu uchague ease. Mwendo ukalainika, ukaanza polepole na kufia polepole. Kitu kinachotenganisha kazi ya fundi na ya mwanafunzi hakikupaswa kuwekwa uvunguni namna hiyo. Nikaongeza nusu sekunde ya utulivu mwanzoni, jicho lipate kuiona picha kabla haijaondoka.

Na kwa kuwa niliskani picha kubwa kuliko fremu ya 1920 kwa 1080, kuvuta karibu hakukuleta ukungu. Programu inachukua kutoka kwenye faili halisi.

Raha yenyewe ni hii: nakili klipu, chagua nyingine, bonyeza Alt na V. Inakuuliza vifremu vibaki na muda wake au vinyooshwe vienee klipu mpya. Nikachagua kunyoosha, picha ishirini zikatembea kwa dakika chache. Zisizo na jambo nikazipa Dynamic Zoom, mwendo usiohitaji vifremu: boksi la kijani mwanzo, jekundu mwisho, basi.

Fusion, sehemu ya madoido ndani ya programu hiyo hiyo, ambako kuna mikunjo ya mwendo ya kina zaidi, niliigusa nikakimbia. Blackmagic, watengenezaji wenyewe, kwa Windows wanataka RAM ya GB 16, na 32 ukitumia Fusion. Mimi nina 8. Feni ililia kama cherehani.

Toleo la bure linatoa video hadi 3840 kwa 2160, na kwa projekta ya ukumbi wa parokia hiyo ni zaidi ya shibe. La kulipia ni dola 295, unalipa mara moja. Mwenye Linux ajue kwamba toleo la bure huko halifungui H.264, aina ya video ambayo ndiyo kamera nyingi hurekodi. Na kabla ya kupakua, nunua bando la maana au nenda kwa jirani mwenye fiba.

Nyota nne. Ya tano ninaishikilia mpaka ease itolewe uvunguni na kuwekwa pale pale kwenye Inspekta, kando ya uru.