Mtihani wa Vitendo wa Madaktari wa Miguu Nchini Marekani: Tathmini ya Aliyeufanya

Conshohocken ni mji mdogo kando ya Philadelphia, katika jimbo la Pennsylvania, na huenda nisingeufahamu kamwe kama si mtihani ninaotaka kuutathmini hapa. Mwanafunzi wa shahada ya udaktari wa miguu nchini Marekani husoma kwa miaka 4, na katika safari hiyo hupimwa na Bodi ya Taifa ya Watahini wa Tiba ya Miguu, ijulikanayo kwa kifupi kama NBPME. Sehemu ya kwanza ya mitihani ya bodi hiyo inahusu sayansi za msingi, kama vile anatomia na fiziolojia. Sehemu ya pili ina mtihani wa maandishi, na hadi mwaka 2020 ilikuwa pia na mtihani wa vitendo ulioitwa CSPE, na sehemu ya tatu huja baada ya hapo, mhitimu anapotafuta leseni ya jimbo. Nilifanya CSPE nikiwa mwaka wa nne, kabla ya janga la Uviko-19 kuusimamisha mwaka 2020. Ninaandika kuuhusu kwa sababu wanafunzi wenye asili ya Afrika Mashariki walio katika vyuo vya huku huniuliza mara kwa mara kama mtihani wa namna hii una thamani inayolingana na gharama zake. Jibu langu ni kwamba unayo, na kwamba aliyeufanya hakurudishiwa sehemu kubwa ya thamani hiyo.

Kwanza nieleze ulivyokuwa ukifanyika. Mtahiniwa husimama nje ya mlango uliofungwa, akasoma karatasi fupi yenye umri wa mgonjwa, lalamiko lake na vipimo vya awali kama shinikizo la damu na joto la mwili, kisha hubisha hodi na kuingia. Ndani humkuta mtu aliyefunzwa kuigiza ugonjwa, mwenye historia kamili kichwani mwake, na atakayejibu kwa namna ileile kwa kila mtahiniwa atakayeingia siku hiyo. Mbinu hii ya wagonjwa wa kuigiza ilianzishwa na daktari Howard Barrows huko Los Angeles mwaka 1963. Utaratibu wa kuwazungusha watahiniwa kutoka kituo hadi kituo ulibuniwa na Ronald Harden mjini Dundee, Uskoti, katika miaka ya 1970. Kwa hiyo CSPE haikuzua jambo jipya. Ilichukua njia iliyokwisha kujaribiwa na kuielekeza kwenye mguu. Muda ukiisha, mtahiniwa hutoka na kuandika maelezo ya mgonjwa: aliyoyasema, yaliyoonekana, magonjwa yanayodhaniwa, na mpango wa matibabu.

Masharti ya mtihani yanakataza kusimulia kisa chochote nilichopewa, na ninayaheshimu, kwa hiyo mifano nitakayoitoa ni ya darasani na ya kliniki ya mafunzo.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba mtihani huu uliupima mkono na sikio pamoja. Chukua upimaji wa ganzi kwa mgonjwa wa kisukari, kwa kutumia uzi wa nailoni unaopinda kwa nguvu ya gramu 10. Katika karatasi ya maswali, mwanafunzi huchagua jibu lenye neno "gramu 10" na kupata alama yake. Mbele ya mgonjwa hali ni nyingine. Inampasa kwanza amguse mgonjwa mkononi ili ajue mguso ulivyo, kisha amwombe afumbe macho, aukandamize uzi kwenye unyayo hadi upinde, asiuburuze, asiuweke juu ya sugu wala kidonda, na ampe mgonjwa nafasi ya kusema mwenyewe anapouhisi. Wanafunzi wengi, nami nilikuwa miongoni mwao, huuliza "unahisi hapa?" kila wanapogusa, na mgonjwa muungwana hujibu "ndiyo" kila anapoulizwa. Kosa hilo halionekani kamwe katika mtihani wa maandishi, ilhali ndilo litakalomfanya mgonjwa mwenye ganzi aambiwe kuwa miguu yake ni mizima, arudi nyumbani, akanyage msumari na asijue.

Ndivyo ilivyo pia kwa mapigo ya damu. Ateri iliyo juu ya wayo haipapasiki kwa baadhi ya watu wenye afya njema, kwa hiyo asiyeifuatisha na ile inayopita nyuma ya kifundo cha ndani anaweza kutangaza ugonjwa usiokuwepo. Kwa mwenye kisukari cha miaka mingi, ateri zikishakuwa ngumu, ulinganisho wa shinikizo la damu la kifundo na la mkono unaweza kutoa namba kubwa inayopendeza macho huku damu haifiki vidoleni. Mwanafunzi aliyekariri kwamba chini ya 0.9 ni hatari, akaishia hapo, atadanganywa na kipimo chake mwenyewe. Halafu kuna mguu uliovimba, mwekundu, wenye joto, usiouma sana kwa mtu mwenye ganzi, ambao mifupa na viungo vyake vinaharibika bila mwenyewe kujua, na ambao daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliuachia jina lake. Kila mwanafunzi huufahamu kitabuni, lakini anapokutana nao mezani hufikiri kwanza maambukizi, kwa sababu macho yanaona wekundu kabla akili haijakumbuka sura ya kitabu. Kuinua mguu huo juu kwa dakika chache na kutazama kama wekundu unafifia, dalili kwamba huenda si maambukizi, ni tendo dogo, na hujengwa kwa kurudiwa tu. Sioni namna ya kulipima kwa maswali ya kuchagua.

Upande wa mawasiliano una mambo yanayomhusu mzungumzaji wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Kwetu neno mguu ni pana mno: mtu akisema mguu unamuuma, maumivu yanaweza kuwa popote tangu nyonga hadi kidole cha mwisho. Kiingereza hutenganisha sehemu ya juu na wayo kwa maneno mawili, na daktari anayekizungumza tangu utotoni anaweza kudhani kwamba neno la mgonjwa limekwisha kumpeleka mahali penyewe. Mimi, kwa kulelewa katika lugha isiyotenganisha, nilikuwa na mazoea ya kumwomba mtu aniwekee kidole panapouma, na mazoea hayo yalinifaa kila chumba. Maelezo ya wazee wetu kwamba miguu inawaka moto usiku, au kwamba wanahisi kama wanakanyaga pamba, ni maelezo sahihi kabisa ya mishipa ya fahamu iliyodhurika, na anayeyajua hahitaji muda mrefu kumwelewa mgonjwa wa Philadelphia anayesema jambo lilelile kwa maneno yake.

Salamu, kwa upande mwingine, inahitaji kupimwa. Sisi tumefunzwa kumjulia mtu hali, watu wa nyumbani kwake na safari yake kabla ya kuuliza linalomsumbua. Saa ya mtihani haikuwa na nafasi hiyo. Hata hivyo nimeona wanafunzi wakiiacha salamu yote kwa kuhofia muda, wakainamia miguu ya mgonjwa wasiyemtajia hata majina yao, na hilo lilihesabiwa dhidi yao, tena kwa haki. Kumvua mtu mzima viatu na soksi ni jambo linalogusa staha yake. Wengi huona haya kwa kucha zilizobadilika rangi au kwa harufu. Sentensi moja ya kujitambulisha, kunawa mikono mbele yake, kuomba ruhusa kabla ya kugusa, na kumweleza kinachofuata, hutosha, na hayo yote hayazidi dakika moja.

Sasa nije kwenye mapungufu, ambayo si madogo. La kwanza ni mahali. Mtihani ulifanyika katika kituo kimoja kwa nchi nzima, hapo Conshohocken. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Temple, kilicho Philadelphia kwenyewe, aliweza kuamka kitandani mwake na kufika. Mwenzake wa Pomona au Oakland, California, alivuka bara zima kwa ndege, akalipa hoteli, akakosa siku za zamu katika kipindi ambacho wanafunzi wa mwaka wa nne wanazunguka hospitali kutafuta nafasi za mafunzo ya miaka 3 yanayofuata shahada. Gharama hizo zilikuwa nyongeza juu ya ada ya mtihani, na ziliwaelemea zaidi wale ambao hawakuwa na mzazi wa kuwasaidia. Mtihani uliojali usawa kiasi cha kuwafunza waigizaji wajibu maneno yaleyale kwa kila mtu, ungepaswa kujali usawa wa kufika mlangoni.

La pili, ambalo kwangu ni zito kuliko la kwanza, ni matokeo. Mtahiniwa aliyefaulu aliambiwa kwamba amefaulu. Hakuambiwa kama mikono yake ilikuwa hodari na maelezo yake dhaifu, au kama alisikiliza vizuri akasahau kupapasa mapigo. Siku nzima ya kutazamwa kwa makini na watu waliofunzwa kutazama, hazina ambayo mwanafunzi haipati tena kwa urahisi maishani mwake, ikafungwa katika neno moja. Ninaelewa kwamba mtihani wa leseni lengo lake ni kuilinda jamii na si kumfundisha mtahiniwa, na kwamba siri ya visa lazima itunzwe. Lakini kumwambia mtu ni eneo gani limelegea hakufichui kisa chochote.

Mapungufu kama haya, pamoja na janga la Uviko-19, ndiyo yaliyowaangusha ndugu wawili wa mtihani huu. Mtihani wa vitendo wa wanafunzi wa udaktari wa kawaida, uitwao Step 2 CS, ulioanza mwaka 2004, ulifutwa Januari 2021. Ule wa madaktari wa osteopathia (madaktari kamili nchini Marekani ambao hufunzwa pia kutibu mifupa na misuli kwa mikono), uliokuwa ukifanyika palepale Conshohocken na pia Chicago, ulifuata mwaka 2022. Hoja kubwa dhidi ya Step 2 CS ilikuwa ya fedha: mwaka 2013 ilichapishwa hesabu kwamba mfumo mzima ulitumia zaidi ya dola milioni 1 kumpata mwanafunzi mmoja wa Marekani atakayeshindwa mara mbili. Ninaikubali hesabu hiyo, lakini sikubali kwamba inajibu swali lote. Haiwahesabu waliofaulu kwa sababu walijua watapimwa, wakakaa wiki nzima wakishikana miguu bwenini hadi vidole vyao vikajua mahali pa ateri. Katika darasa letu, mtihani wa maandishi ulitufanya tusome kila mtu peke yake, na mtihani wa vitendo ndio pekee uliotufanya tusahihishane.

Ninapofikiria nyumbani, thamani yake naiona kwa sura nyingine. Madaktari waliobobea katika tiba ya miguu ni wachache sana kwetu, na kazi ya kuokoa mguu wa mgonjwa wa kisukari huangukia wauguzi na madaktari wa kawaida. Profesa Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake walilitambua hilo walipoanzisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi wa hatua kwa hatua ulioendeshwa Tanzania na India, uliowafundisha daktari na muuguzi wa kituo kimoja kwa pamoja, kwa vitendo. Uzi wa nailoni na chuma cha kutetema mara 128 kwa sekunde, kinachopima kama mgonjwa anahisi mtetemo, ni vifaa vya bei nafuu vinavyotosha mfukoni, na anayevitumia vibaya ni sawa na asiyekuwa navyo.

Kwa anayejiandaa kwa mtihani wowote wa namna hii, ushauri wangu ni huu: afanye mazoezi na mtu ambaye si mwanafunzi mwenzake, kwa sababu mwenzake humsaidia bila kujua, hugeuza mguu kabla hajaombwa na kujibu kwa maneno ya kitabu. Mimi nilifanya na mama yangu mdogo, aliyekuwa amekuja kututembelea na ambaye ana kisukari. Alinikatiza mara tatu kuniuliza kwa nini namtajia majina ya mifupa yake badala ya kumwambia kama kidonda kitapona, nami nikabadilisha namna yangu yote ya kumaliza mazungumzo na mgonjwa.