Uzoefu wangu na BODIPY-C10, rangi ya kupimia mnato ndani ya seli hai

Kati ya rangi zote za kupimia mnato (jinsi kimiminika kinavyokataa kutiririka) nilizowahi kutumia maabara, BODIPY-C10 ndiyo ninayoirudia mara nyingi zaidi, na sioni sababu ya kuiacha. Ila kabla hujaiagiza, hakikisha unapata darubini inayopima muda wa mng'ao, yaani molekuli inakaa na nishati kwa nanosekunde ngapi kabla ya kutoa mwanga. Kama darubini yako inasoma ukali wa mwanga tu, rangi hii haitakufaa sana.

Ni mojawapo ya zile rangi zinazoitwa rota za kimolekuli. Ikishafyonza mwanga wa buluu wa leza, ama iutoe kama mwanga wa kijani, ama pete yake ya fenili (kipande cha molekuli chenye umbo la pete) ijizungushe na nishati yote iishie kuwa joto. Kwenye kimiminika chepesi pete inazunguka bila shida, hivyo mwanga ni hafifu na unazimika upesi. Kwenye kizito pete inakwama kama mtu anayetembea matopeni, na mwanga unadumu. Uhusiano huu uliwekwa kwenye hesabu na wanasayansi Förster na Hoffmann mwaka 1971: chora logi (logariti) ya mng'ao dhidi ya logi ya mnato, utapata mstari ulionyooka. Kwa BODIPY-C10 muda wa mng'ao unaanzia chini ya nusu nanosekunde kwenye methanoli na kupita nanosekunde 4 kwenye gliseroli. Upana huo ndio ulionivutia tangu mwanzo.

Na kwa nini nasisitiza muda, si ukali? Kwa sababu rangi haisambai sawasawa ndani ya seli. Sehemu iking'aa sana, huwezi kujua kama pana mnato mkubwa au rangi imerundikana tu hapo. Muda wa mng'ao haujali rangi ni nyingi au kidogo, mradi molekuli hazijagandana. Zikigandana zinatoa mwanga mwekundu wenye muda wake tofauti, kwa hiyo mimi naweka kichujio kinachopitisha kijani tu na natumia rangi kidogo kadiri inavyowezekana.

Kazi kubwa iko kwenye mstari wa kulinganishia. Unachanganya methanoli na gliseroli kwa viwango mbalimbali, unapima muda wa mng'ao kwa kila mchanganyiko, kisha unalinganisha na mnato wake. Gliseroli usiipime kwa pipeti. Inang'ang'ania ukutani mwa ncha, inashuka polepole, na unapodhani umemimina yote bado kuna utando mnene ndani. Pima kwa mizani. Halafu funika chupa haraka, maana gliseroli inavuta unyevu wa hewani, na maji kidogo tu yanashusha mnato wake sana. Joto nalo si la kupuuza: gliseroli safi ina mnato wa karibu milipaskali-sekunde 1,400 (hicho ndicho kipimo cha mnato) kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, lakini kwenye nyuzi 40 iko chini ya 300. Seli zako zikiwa kwenye nyuzi 37, jua kila mchanganyiko wako una mnato gani kwenye joto ulilopimia.

Kwenye seli zenyewe rangi inaingia bila kusumbua. Picha ya muda wa mng'ao inapotokea, unaona vitone vya mafuta vikipakwa na kompyuta rangi moja kulingana na muda wao, tando za ndani nyingine, na kiini kikiwa cheusi kabisa. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea kusoma matokeo. BODIPY-C10 inapenda mafuta, kwa hiyo inakueleza mnato wa mahali ilipokaa, basi. Mwaka 2008 kikundi cha Marina Kuimova kule London kilitumia rangi ya jamii hiihii na kupata wastani wa takribani milipaskali-sekunde 140 ndani ya seli hai, wakati maji kwenye joto la kawaida la chumba yako karibu na 1. Ukisoma namba hiyo, usiitafsiri kuwa saitoplazimu (ute unaojaza seli) nzima ni nzito kiasi hicho. Ni mnato wa sehemu zenye mafuta.

DCVJ, rota nyingine ya siku nyingi, nayo ninayo kabatini. Inang'aa zaidi inapojishika kwenye protini, na ni vigumu kutenganisha kushikwa huko na mnato halisi. Kwa sampuli zilizojaa protini simwambii mtu aitegemee peke yake.

Udhaifu wa BODIPY-C10 uko kwenye vimiminika vyepesi. Muda unakuwa mfupi mno hadi vigunduzi vingi vinashindwa kuutofautisha na mwitiko wao wenyewe. Kwa mmumunyo wa maji ulio nao wa kutosha, tumia viskometa, kifaa cha kawaida cha kupimia mnato, ni rahisi na jibu lake ni la uhakika zaidi. Rangi hii naitoa pale ambapo viskometa haiwezi kufika: tando za seli, vifuko vidogo vya lipidi, tone dogo lisilojaza hata kijiko. Unga wake nauyeyusha kwenye kiyeyushi cha DMSO, naugawa kwenye vichupa vidogo na kuugandisha gizani, ili kila jaribio lifungue kichupa chake.