Tathmini: Reli za Mfano za Kato Unitrack kwenye Robo ya Plaiwudi

Plaiwudi nzima inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Mwanjelwa ina urefu wa sentimita 244 na upana wa sentimita 122. Fundi seremala akiigawa vipande vinne vilivyo sawa, kila kimoja kinakuwa na sentimita 122 kwa 61, na hicho ndicho kipande kikubwa kuliko vyote kilichokubali kuingia katika chumba changu cha kupanga huku Iyunga, Mbeya, bila kitanda kuhamishwa. Nimeanza na vipimo hivyo kwa makusudi, kwa sababu seti ya msingi ya Unitrack, reli za treni ndogo za mfano zinazotengenezwa na kampuni ya Kato ya Japani, haienei juu ya ubao huo, na jambo hilo ni heri mtu alijue kabla ya kulipa.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kona za seti hiyo zina nusukipenyo cha milimita 315, ukipima kutoka katikati ya mduara hadi katikati ya njia. Vipande vinane vya nyuzi 45 vinakamilisha mzunguko wenye upana wa milimita 630, na kwa kuwa tuta la plastiki linalobeba reli lina upana wa milimita 25, nafasi inayohitajika ni milimita 655. Ubao wangu una 610. Mimi sikufanya hesabu hiyo mapema. Niliifanya baada ya kupanga reli zote na kukuta tuta limechungulia nje ya ukingo, upande huu na ule. Kosa lilikuwa langu, wala si la mtengenezaji, ambaye huchapa nusukipenyo kwenye kila pakiti.

Suluhisho lilikuwa kuagiza kona zenye nusukipenyo cha milimita 249. Kona za 282 nazo zingeenea, lakini zingeacha sentimita moja tu kila upande, na kichwa cha treni kikiruka reli mahali hapo kingeishia sakafuni. Kwa kona za 249, pamoja na vipande viwili vya milimita 248 na kimoja cha 124 kila upande mrefu, nilipata duaradufu yenye urefu wa milimita 1,143 na upana wa milimita 523, ambayo inabakiza takriban sentimita nne pande zote. Kona kali kiasi hicho hazifai kwa mabehewa marefu ya abiria, kwa hiyo anayezichagua awe amekubali treni fupi ya mizigo.

Hapo ndipo ninapousifu mfumo huu kwa moyo mweupe. Reli, mataruma na tuta la kokoto la plastiki vimeungana kuwa kipande kimoja, na vipande hushikana kwa viungio vinavyobana na kupitisha umeme kwa wakati mmoja. Hakuna msumari wala gundi inayohitajika. Nimefungua na kufunga njia hii mara nyingi sana, kwa kuwa ubao wangu hukaa wima nyuma ya mlango mchana na kulazwa juu ya kitanda jioni, na viungio bado vinashika vizuri. Pointi, yaani vipande vinavyogawanya njia, nazo zina mtambo wa umeme ndani ya tuta lenyewe, kwa hiyo huhitaji kutoboa ubao ili kufunga chochote upande wa chini. Kwa mtu anayepanga chumba kimoja, na ambaye mwenye nyumba wake hapendi matundu wala kelele za nyundo, sifa hizo zina thamani kubwa kuliko uzuri wa mandhari.

Skeli, yaani uwiano kati ya mfano na kitu halisi, nayo inahitaji maelezo, hasa kwa sisi tuliokulia karibu na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Reli hizi zina upana wa milimita 9 kati ya chuma na chuma. Katika skeli ya N inayotumika Ulaya na Marekani, ambayo ni 1:160, upana huo unawakilisha milimita 1,440, karibu sawasawa na zile 1,435 za reli ya kisasa ya SGR. TAZARA ina milimita 1,067, upana uleule wa njia nyingi za zamani za Japani. Wajapani huunda mifano ya treni zao hizo kwa skeli ya 1:150 na kuiweka juu ya reli hizihizi za milimita 9, kwa hiyo njia huonekana pana kuliko inavyostahili. Anayetaka usahihi atengeneze mabehewa yake kwa skeli ya 1:120, ambapo milimita 9 huwa 1,080, kama wafanyavyo baadhi ya wapenzi wa reli wa New Zealand, nchi ambayo nayo ina reli za 1,067. Mimi sina mikono ya kazi hiyo. Nilichagua kichwa cha DE10, injini ndogo ya dizeli ya Japani inayopeleka nguvu kwenye magurudumu kwa njia ya haidroliki, kama vilivyofanya vichwa vya Kichina vilivyoletwa TAZARA mwanzoni. Katika skeli ya 1:150 kina urefu wa sentimita tisa na nusu hivi.

Niliwahi pia kuota daraja la mto Mpanga, lile refu lililoko kati ya Mlimba na Makambako. Lina kimo cha karibu mita 50, ambazo katika skeli ya 1:160 ni sentimita 31. Seti ya nguzo za Kato huinua njia kwa milimita 50 tu katika urefu wa milimita 1,240, yaani mteremko wa asilimia 4, na hata huo ni mkali kwa treni ndogo. Njia ikishapanda inahitaji urefu kama huo tena ili ishuke. Juu ya robo ya plaiwudi jambo hilo halifikiriki.

Sasa niseme lile ambalo muuzaji wa seti hatakuambia: kuizungusha treni ndiyo matumizi duni kuliko yote ya ubao mdogo. Mpwa wangu alifurahia kwa muda wa dakika ishirini, kisha akaniuliza, "Mjomba, mbona haifiki Tunduma?" Sikuwa na jibu. Jioni iliyofuata niliondoa kona zote na kupanga mpango wa Mwingereza Alan Wright, ujulikanao kama Inglenook, ambao unahitaji pointi mbili tu na njia tatu za maegesho: moja ya mabehewa matano, na mbili za mabehewa matatu kila moja. Njia ya kichwa, ile ya kuvutia mabehewa nje ya maegesho, inatosha injini pamoja na mabehewa matatu. Unaweka mabehewa manane, unapiga kura matano yatoke kwa mfuatano gani, kisha unayapanga kwa kusukuma na kuvuta bila kuyagusa kwa mkono. Mifuatano inayowezekana ni 6,720. Kwa mabehewa ya ekseli mbili, mpango wote haukufika sentimita 100, na mpwa wangu sasa ndiye anayenikumbusha kuulaza ubao.

Kuhusu umeme, muuzaji wa mtandaoni niliyenunua kwake alituma adapta ya volti 100, ya matumizi ya Japani, ingawa nilikuwa nimemwandikia kwamba sisi tunatumia 230. Niliyaona maandishi yake kabla sijaichomeka, nikalazimika kununua transfoma ya kushusha umeme. Hakujibu malalamiko yangu. Soma maandishi ya adapta kabla ya jambo lolote lingine. Gharama ya kusafirisha kifurushi nayo ilikaribia nusu ya bei ya reli zenyewe, kwa hiyo ni afadhali kuagiza kila kitu kwa mkupuo mmoja.

Wakati wa kiangazi vumbi la Mbeya huingia hadi ndani ya kabati, na reli ikishika vumbi kichwa huanza kusitasita. Kitambaa kilicholoweshwa spiriti kidogo kinatosha, mara moja kwa wiki.

Kama ningeanza upya kwa fedha zilezile, ningeiacha seti ya msingi dukani, nikanunua kidhibiti mwendo peke yake, pointi mbili, vipande vilivyonyooka, kichwa kimoja na mabehewa manane. Kona ningeziagiza siku nitakayopata chumba kinachopokea nusu ya plaiwudi.