Finding Me ya Viola Davis: chukua ya kusikiliza, ya kusoma itasubiri

Nimemaliza kusikiliza kitabu hiki cha maisha yake jana usiku, ngoja niandike kabla haijanipoa. Mimi huyu mama, mwigizaji wa Marekani, nilikuwa namjua kama "yule anayelia mpaka kamasi", na sisemi kwa dharau jamani, walioona filamu ya Doubt ya 2008 wananielewa. Ana sehemu moja tu pale ya maana, kama dakika nane hivi, anatembea nje kwenye baridi na mwigizaji mwenzake Meryl Streep, machozi na kamasi vinashuka pamoja na wala hafuti, na kwa hizo dakika tu akaingia kwenye kinyang'anyiro cha Oscar. Sasa nikachukua kitabu nikitegemea umbea wa aina hiyo, walikuwa wanaongea nini kamera ikizimwa, Streep yukoje. Imekula kwangu, lakini silalamiki sana.

Kitabu kimetoka Aprili 2022, cha kusikiliza ni masaa tisa na kidogo, anasoma mwenyewe mwanzo mwisho. Na hapo ndo utamu ulipo. Mtu mwenye sauti nzito vile ungetegemea aigize kila mstari, yeye wala. Anapofika kwenye nyumba waliyokulia kule Central Falls, Rhode Island, jengo limejaa panya mpaka wanatafuna sura za midoli, anasoma kama mtu anayekupigia stori jikoni huku anamenya vitunguu, halafu katikati ya sentensi sauti inashuka kidogo tu na wewe uliyekuwa unapiga pasi unajikuta umesimama na pasi mkononi (shati langu moja limepata alama, hilo ni kosa langu mwenyewe). Mama yake anamwita MaMama na baba MaDaddy, na anavyoyatamka hayo majina mawili huwezi kuyapata kwenye karatasi hata usome mara kumi. Baba mlevi, anapiga, na mwisho kabisa binti anamsamehe, na sio ule msamaha wa kwenye muvi.

Angalizo: usiweke spika kubwa watoto wakiwepo. Matusi yapo tangu mwanzo, na kuna mambo ya udhalilishaji wa watoto ambayo mtu aliyepitia anaweza asiyaweze.

Sehemu niliyorudia ni ya Juilliard. Kaingia hicho chuo cha sanaa cha New York ambacho kila mtu anakililia, miaka minne, halafu anakuambia wazi kwamba walikuwa wanamfinyanga awe mwigizaji wa kizungu aliyekamilika, mwili wake, sauti yake, vyote vinaonekana vimezidi. Akapata nafasi ya kwenda Gambia, akakaa na watu na ngoma zao, na ukisikiliza vizuri hapo kasi ya usomaji inabadilika, anakuwa kama anacheka. Mimi nahisi kazi zote alizofanya baadaye zinaanzia hapo, ila yeye hasemi hivyo, ni mimi.

Sasa malalamiko. Akishakuwa staa kitabu kinaanza kukimbia kama daladala iliyoona abiria wa kituo cha mbele. Tony (tuzo ya michezo ya jukwaani) ya 2001, Tony ya 2010, filamu ya The Help, Oscar ya filamu ya Fences 2017, vinapita puu puu puu. Tamthilia ya TV ya How to Get Away with Murder, aliyocheza kama Annalise, sizoni sita, 2014 mpaka 2020, Emmy (tuzo ya TV) ya 2015 ambayo hakuna mwanamke mweusi aliyewahi kuichukua kabla yake kwa mhusika mkuu wa drama, nilitaka nikae hapo masaa mawili! Ile sehemu ya kuvua wigi mbele ya kioo, anabandua kope, anafuta mekapu mpaka anabaki na nywele zake na uso wake, yeye ndo aliyeidai, aliwaambia kabisa kwamba Annalise lazima avue. Stori kama hiyo inastahili sura nzima.

Kilichonipooza ni habari ya mwigizaji Cicely Tyson. Viola akiwa mtoto, kwenye hilo hilo jengo la panya, alimuona Tyson kwenye TV, mwanamke mweusi anayefanana na mama yake, na hapo ndo akajua anataka kufanya nini na maisha yake. Halafu miaka inapita, na anayekuja kucheza mama yake Annalise ni huyo huyo Cicely Tyson. Mimi niliyaangalia hayo ma-episodi yote bila kulijua hilo.

Programu niliyosikilizia sitaitaja ila ilinitesa, simu ikizima kioo inakata, ukirudi inakupeleka mwanzo wa sura, kwa hiyo panya nimewasikia mara tatu. Pakua faili zima kabla hujaanza, usisikilize kwa bando la moja kwa moja.

Mimi naipa nyota nne. Ya tano imeondoka na hizo sura za mwisho. Wenye Grammy, tuzo za muziki na rekodi za sauti, waliona tofauti na mimi, Februari 2023 wakampa tuzo kwa usomaji huu huu, ndo ikamkamilishia zote nne, Emmy, Grammy, Oscar na Tony. Usiku huu narudi kwenye Doubt, nikiangalie tena kile kipande cha baridini, na safari hii naangalia mikono yake.