Kituo cha Kura Kenya: Debe Zuri, Foleni Mbovu

Kituo cha kupigia kura kikipimwa jinsi tunavyopima benki au zahanati, swali la kwanza ni moja tu: mashine ngapi, wateja wangapi? Kenya, sheria inaweka kikomo cha wapiga kura 700 kwa kituo, na mtambo wa KIEMS, kifaa cha kielektroniki kinachowatambua wapiga kura kwa alama ya kidole, ni mmoja. Kituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, yaani dakika 660. Wakija wote, kila mtu anabakiwa na chini ya dakika moja mbele ya mtambo. Kwenye uchaguzi mkuu wa tarehe 9 Agosti 2022 hesabu hiyo haikuvunjika kwa sababu takriban mtu mmoja katika kila watatu hakutokea.

Wanaotokea nao hawaji kwa zamu. Wengi wanataka kupiga kura mapema wakaendelee na shughuli zao, hivyo foleni huanza gizani, kabla msimamizi wa kituo hajawaonyesha mawakala wa wagombea masanduku matupu na kuyafunga kwa lakiri. Asiye na haraka aende mchana. Na aliyechelewa asikate tamaa: ukiwa kwenye foleni saa kumi na moja inapogonga, una haki ya kupiga kura hata usiku ukiingia.

Muda mwingi zaidi hupotea kwenye foleni isiyo yako. Shule moja inaweza kuwa na vituo vitano au zaidi, kila darasa kituo chake, na wapiga kura wamegawanywa kwa alfabeti ya majina. Mke na mume waliojiandikisha siku moja wanaweza kuangukia madarasa mawili tofauti. Mabango ya herufi hubandikwa mlangoni, mahali ambapo mtu wa mwisho kwenye foleni hayaoni. Usijipange kwanza. Mtafute karani anayeelekeza watu, mpe kitambulisho, akuambie darasa lako. Kitambulisho chenyewe kiwe kile ulichojiandikishia: kama ulitumia pasipoti, njoo na pasipoti.

Ndani, karani anaitafuta rekodi yako, unaweka kidole, picha yako inatokea. Hapa ndipo mtambo hupata lawama isiyo yake yote. Kidole cha mkulima, fundi wa mawe au mzee kimesuguliwa na kazi, na mistari yake imefifia. Jasho, vumbi na mafuta huongeza tatizo. Pangusa kidole kikauke, kibonyeze kikiwa kimelala, si kwa ncha, na kikikataa omba kujaribu kingine. Vyote vikikataa hujanyimwa kura: karani huingiza namba ya kitambulisho, picha yako ikatokea, na Fomu 32A, ya mpiga kura ambaye kidole chake kimekataa, ikajazwa mbele ya mawakala. Karani asiyeijua hatua hiyo hukuambia urudi baadaye. Usiondoke, muulize msimamizi wa kituo.

Mtambo hauhitaji intaneti kukutambua, kwa kuwa sajili imo ndani yake. Ukizima kabisa, ndipo husubiriwa mwingine au idhini ya tume ya uchaguzi kutumia sajili iliyochapishwa. Mwaka 2022 idhini hiyo ilibidi itolewe kwa sehemu za kaunti ya Kakamega na kwa eneo bunge la Kibwezi West, kaunti ya Makueni, na watu wakasubiri saa nyingi. Mpango wa akiba unaohitaji ruhusa kutoka Nairobi, kwa maoni yetu, si mpango wa akiba.

Kisha unapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Hakikisha kila moja imegongwa muhuri kabla hujaondoka mezani. Ya rais mwaka 2022 ilikuwa na majina manne tu. Ya wadi ndiyo huwakwamisha watu, kwa kuwa orodha inaweza kuwa ndefu na sura hazijulikani. Alama ya mkasi, vema au dole gumba, zote zinakubalika, mradi ionekane wazi umemchagua nani. Usiandike jina lako wala namba ya kitambulisho: kura inayomtambulisha mwenyewe hukataliwa. Ukiharibu karatasi, irudishe kwa msimamizi upewe nyingine kabla ya kuitumbukiza. Kunja moja moja na ufuate rangi ya kifuniko cha sanduku. Masanduku ni ya plastiki inayoonyesha ndani, na hilo tunalisifu bila kusita.

Anayehitaji kusaidiwa anaweza kuja na mtu wake, mtu mzima, ambaye huapa kutunza siri kwenye Fomu 32 na hamsaidii mwingine. Asiye na mtu husaidiwa na msimamizi huku mawakala wakishuhudia, na hapo siri inabaki jina tu. Wajawazito, wazee, wenye ulemavu na mama wenye watoto wachanga hupitishwa mbele, wasipoitwa, wajitokeze.

Baya kuliko yote mwaka 2022 halikuwa foleni. Kura za ugavana Kakamega na Mombasa ziliahirishwa hadi tarehe 29 Agosti baada ya hitilafu katika karatasi za kura kugunduliwa siku moja kabla ya uchaguzi. Watu walipewa karatasi tano, wakatakiwa kurudi kwa ya sita.

Baada ya kufunga, huduma inakuwa bora zaidi. Kura ya rais huhesabiwa kwanza, karatasi moja moja ikiinuliwa mawakala waione. Fomu 34A, yenye matokeo ya kura ya rais ya kituo hicho, hujazwa, mawakala hutia saini, hupigwa picha kwa mtambo uleule na kutumwa, kisha nakala hubandikwa mlangoni. Mwaka 2017 zaidi ya vituo 11,000 vilikuwa nje ya mtandao wa kutuma fomu hizo. Mwaka 2022 mtu yeyote aliweza kuzifungua kwenye tovuti ya tume. Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Pita mlangoni usiku au asubuhi yake, piga picha fomu ya darasa lako, kisha ilinganishe na ile ya tovuti, namba ya kituo kwanza, halafu jumla.